Disque ya Olive, Samaki ya Vitshumbi

Katika bureau yetu ya kupima parcelle, viwanja vya watu, hakuna kitu kilichotoka katika tiroir ya meza ya Olive Bulonza bila kuandikwa. Alikuwa na kaye kubwa ya kurasa mia mbili, ameichora mistari kwa rula: kitu gani, nani amekitoa, siku gani, saini. Hata mukasi uliandikwa. Siku moja nilichukua bic moja tu, jioni nikakuta ameniandikia: "Bic ya buluu, moja, patron, saa tatu na nusu," na nafasi ya saini inaningojea. Nilicheka, nikatia saini. Nilifikiri ni tabia ya watu wa upande wa Bukavu, watoto wa makarani, watu wanaopenda karatasi kuliko chakula.

Mimi si mutoto wa karani. Jina langu ni Habumugisha, nimezaliwa upande wa Rutshuru, na niliingia Goma nikivaa ndala za mutu mwingine. Niliuza makala ya kupikia, kisha unité za simu, kisha nikawa commissionnaire, yaani mutu anayekutanisha mwenye kuuza parcelle na mwenye kununua, akabaki na kitu kidogo katikati. Kazi ile ilinifundisha kwamba vita vingi vya parcelle vinaanzia kwenye mita mbili. Basi nikatafuta jeometa, wapima ardhi, wawili wenye diplome na njaa, nikapata chombo cha kupima, nikafungua bureau mutaa wa Keshero, vyumba vitatu. Katika kile cha nyuma nikamuweka Olive na serveur.

Serveur ni kompyuta nyeusi isiyozimwa, inayotunza vipimo vya kila parcelle tuliyopima: pembe zake zote, majirani zake, jina la mwenyewe. Katika muji mwingine mutu angesema ni anasa. Hapa kwetu lava ya volkano ikishapita juu ya parcelle yako, hakuna tena ua, hakuna mugomba, hakuna jiwe la mupaka. Ni mwamba mweusi tu, na majirani ishirini, kila mumoja ananyoosha kidole upande unaomufaa. Siku hiyo namba zilizo ndani ya serveur ndiyo parcelle yenyewe.

Olive alizaliwa Kabare. Baba yake aliandika ubatizo na ndoa kwa parokia, na mutoto akikosea tarehe moja alimurudisha kuandika ukurasa muzima upya. Alikuja Goma na bwana yake, dereva wa lori, wakapanga nyumba mutaa wa Katoyi. Kompyuta hakuisomea popote. Alipata kazi katika cyber, kupokea watu na kuwaonyesha masini yenye nafasi. Masini zilipokufa, fundi alikuwa wa kesho na kesho kutwa. Basi alipofika, Olive alimusimamia kichwani, akauliza, akaandika. Baada ya miaka miwili fundi ndiye aliyekuwa anamuuliza Olive. Mimi nilimukuta siku niliyokwenda kutoa copie: yuko magotini chini ya meza, tochi mudomoni, anawaeleza kitu wanaume wawili wenye kravati. Kravati sikuziangalia.

"Mama, ukihama hapa, unahitaji siku ngapi?"

Alitoa tochi mudomoni. "Kumi na tano. Nitawaaga vizuri."

"Tatu."

"Kumi na tano, papa."

"Basi saba, tusiumizane."

"Kumi na tano."

Nilingoja siku kumi na tano. Katika maisha yangu ya kupatana bei, watu walioniambia neno lilelile mara tatu bila kushuka nawahesabu kwa vidole vya mukono mumoja. Ningepaswa kuliweka kichwani.

Vumbi ya Goma ni nyeusi, inauma kama unga wa chuma, na kitu chenye feni haikihurumii. Olive alifunika serveur kwa kipande cha kitenge cha ndoa yake, akaacha nafasi ya kupumua. Majeometa wakaiita Muzee. Kila asubuhi Bagalwa, yule mukubwa kati yao, alipita mulangoni na kuuliza, "Muzee ameamuka?" Naye Olive alijibu bila kuinua kichwa: "Ameamuka, amekunywa courant ya umeme, anakusalimia wewe uliyechelewa."

Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tano na mwezi wa kumi na moja, alinakili kila kitu kilichokuwa ndani ya Muzee katika disque moja ya nje, ndogo kama kipande cha sabuni. Akaifunga katika tiroir, akaandika. Tiroir ilikuwa na clé mbili za kufungulia. Moja ilikuwa yake. Ya pili niliitunza mimi, pamoja na clé za nyumba yangu.

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili Olive alikuwa Bukavu kwa matanga ya shangazi yake. Kambale akaja. Kambale ni muchuuzi wa samaki, anazileta kutoka Vitshumbi, kando ya ziwa, zingine za chumvi, zingine za moshi, na kila akipita Keshero anaketi kwangu kupumzisha miguu. Alikuwa amefungua chumba cha video kule ziwani. Wavuvi wa Vitshumbi wanakesha majini, muchana wako bure, wanataka mpira na filme.

"Natafuta disque kubwa," akasema. "Zile ndogo zinajaa kabla ya demi-finale."

Nikafungua tiroir ya Olive kwa clé yangu, kumuonyesha tu. "Kubwa kama hii?"

"Hii hii."

Na mimi niko na sheria: kitu kisichotembea ni kitu kilichokufa. Disque ile ilikuwa imelala pale tangu ilipojazwa. Nikasema moyoni, mwezi wa kwanza nitapata ingine, Olive ataijaza upya, nani atajua? Nikamuomba katoni tatu za tilapia ya moshi. Akasema mbili. Tukaachana kwa mbili na nusu, naye akalalamika mpaka barabarani kwamba nimemuchuna. Nilifurahi kwa ile nusu. Katika kaye sikuandika kitu.

Bonne année, sikukuu ya mwaka mpya, niligawa samaki. Kila mutu nne. Olive nilimupa sita, na wakati nazihesabu nilijua vizuri kwa nini namupa sita.

Alizinusa. "Aksanti sana, patron. Hii ni Vitshumbi ya kweli, si ile ya kupakwa moshi ku soko ya Virunga."

"Kula na watoto," nikasema.

Mwezi wa kwanza sikununua disque. Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Kila juma niliisukuma kwa juma linalofuata, kama mutu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, yenye gurudumu bovu: anajua itamuangusha, lakini si hapa, mbele kidogo.

Mwezi wa pili muuzaji wa vyombo vya kupima akanipigia. Nikichukua chombo kipya, programu mpya ya ramani ni bure. Neno bure linanifanya vibaya tangu utoto. Nikakubali kabla hajamaliza. Kumbe ile programu mpya haikubali kufanya kazi na mutunza-ghala wa zamani. Naeleza hivi kwa sababu Olive alinieleza mimi hivi: ndani ya serveur kuna programu moja inayofanya kazi ya mutunza-ghala, ndiyo inayojua kila pembe ya kila parcelle imewekwa rafu gani. Ukibadilisha ramani, lazima ubadilishe na mutunza-ghala, aje wa version mpya.

"Inaomba siku tatu," Olive akasema Jumatatu ile. "Ya kwanza nanakili vyote. Ya pili najaribu mupya ku kompyuta ingine, nione kama anasoma rafu zetu. Ya tatu njo tunabadilisha."

"Siku tatu bureau imefungwa? Siku moja, Mama Olive."

"Tatu, patron."

"Vendredi chef de quartier, mukubwa wa mutaa, anashuka kukata mupaka wa parcelle ya Mama Nyiramahirwe na jirani yake. Leo ni lundi. Unataka nipeleke nini? Chombo kipya kinaingia kesho, kesho unabadilisha, mercredi tunafanya kazi. Moja."

Kisha alifanya kitu ambacho hakuwahi kufanya: alishuka.

"Kama ni moja, nitaruka copie mpya. Nitategemea ile ya mwezi wa kumi na moja iko mu disque. Tukianguka, tunapoteza kazi ya miezi mitatu hivi, na hiyo niko nayo ku karatasi. Unakubali, patron?"

Alikuwa ananiangalia usoni. Alifungua kaye, akapitisha kidole, disque haikuwa na mustari wa kutoka. Kwake hiyo ilitosha. Kaye ikisema kitu kiko, kiko. Hakufungua tiroir.

Pale pale ningesema. Ilikuwa maneno manne tu. Lakini nilikuwa nimetoka siku tatu mpaka moja, kwa mutu asiyeshuka, na mudomo wangu ulikuwa umeshaanza kushangilia.

"Nakubali," nikasema.

Mardi, Jumanne asubuhi, akaanza. Saa sita aliniita nyuma. Kitenge kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Kioo cha kompyuta kilionyesha mistari michache, na chini yake hakuna kitu.

"Muzee amekataa kuamuka," akasema. "Mutunza-ghala mupya anasema rafu hizi zilipangwa na wa zamani, yeye hawezi kuzigusa. Na wakati anaingia alimufukuza wa zamani, amemutoa kabisa."

"Namba zimepotea?"

"Hapana. Ziko palepale. Anayejua kuzisoma njo hayuko." Wala hakuwa na haraka. "Si kitu, patron. Mu disque niliweka copie pamoja na yule wa zamani, muzima. Ninamurudisha, tunasahau leo."

Akafungua tiroir. Akatoa mukasi, akatoa rula, akatoa boîte ya agrafes za kubana karatasi. Akatoa karatasi moja moja. Nilikuwa nimesimama mulangoni, na mbele, kwenye benchi ya wateja, Mama Nyiramahirwe alikuwa anangoja kipimo chake.

Huyu mama anauza maziwa. Nyumba yake ilikwenda na lava ya 2021, pamoja na karatasi tuliyomupa tulipomupimia miaka mitatu kabla. Alikaa kwa ndugu mpaka mwamba ukapoa na watu wakaanza kurudi. Aliporudi, akakuta jirani yake Twagirimana amejenga ukuta wa mawe mahali ambapo yeye alikumbuka kuna jikoni lake. Karatasi ya pili ya parcelle ile hakuna duniani. Kuna Muzee.

"Patron," Olive akasema. "Disque haiko."

"Haiko namna gani?"

"Haiko. Na haina mustari wa kutoka."

Nilitia mukono mufukoni. Nikapandisha sauti, si sana, kiasi cha kufika kwenye benchi.

"Clé ya tiroir iko kwa nani?"

Aliniangalia. Muda mufupi tu.

"Iko kwa mimi," akajibu.

Alijua clé ziko mbili. Hakusema mbili.

Nyiramahirwe alikuwa ameshasimama. Akaingia mpaka kwenye meza, mukoba chini ya kwapa. "Weye mama, namba zangu umezitia wapi?"

"Mama, ziko ndani ya masini, zitatoka."

"Zitatoka lini? Lava ilikula nyumba yangu, sikuipeleka ku chef juu ni kazi ya Mungu. Weye ukikula namba, nitakupeleka."

"Vendredi mutakuwa nazo."

"Twagirimana amekulipa?"

Olive alikuwa anarudisha vitu katika tiroir, kimoja kimoja, mahali pake. Mimi nilimushika Nyiramahirwe mukono, nikamutoa mbele kwa upole, nikamuambia tutafanya uchunguzi. Nilisema neno hilo, uchunguzi.

Mercredi Olive alijaribu kila njia. Alitafuta yule mutunza-ghala wa zamani kwa internet. Alikuwa na namba yake kamili katika kaye, lakini connexion ilikatika katikati mara saba, na mara ya nane kilichoingia kilikuwa kimevunjika. Alimupigia muuzaji wa chombo. Huyo alikuwa akichukua simu yangu kwa sonnerie ya kwanza wakati nanunua, sasa simu yake inalia mpaka inachoka. Alijaribu kumulazimisha mupya asome. Akakataa, na Olive akamuacha haraka, akisema akilazimishwa zaidi ataharibu rafu. Saa za kula hakutoka. Alikula kiazi chake mbele ya kioo, kitenge begani.

Mbele, Bagalwa alikuwa anamuambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Disque kama ile ku soko inapata mutu mara moja. Na bwana wake lori imekufa tangu Noël."

Nilisikia. Nilipita kama mutu anayesikia mvua ikigonga bati ya jirani.

Jeudi asubuhi, kabla ya bureau kufunguliwa, nilikuwa Birere kwenye depot ya Kambale. Alikuwa amefika jana yake na samaki, bahati yangu.

"Kambale, nirudishie ile disque."

"Samaki zangu ziko wapi?"

"Tulishakula."

"Basi na mimi nilishakula disque." Akaendelea kufunga katoni. Kisha akaninusa, namna wachuuzi tunavyonusana. "Umekuja mapema sana, Habu. Umekuja bila chai. Inakuuma wapi?"

Sikupatana bei. Hilo peke yake lilimushangaza mpaka akaacha kamba. Nilivuka barabara, nikamuletea disque mupya, kubwa mara mbili kuliko ile. Akaenda nyuma, akarudi na ya Olive, aliyokuja nayo muji kujaza filme mpya, imefungwa ndani ya mufuko wa plastiki.

"Ile dosiye yenu iko ndani bado," akasema. "Yenye majina ya watu. Mutu wangu wa Vitshumbi aliniambia nifute, inakula nafasi ya mechi. Nikafungua, nikaona: parcelle ya fulani, parcelle ya mujane fulani, kona hii, kona ile. Nikamuambia hapana. Kufuta parcelle ya mutu, hata mu masini, mimi mukono unakataa." Akanitazama. "Kwani weye hukujua kama iko ndani?"

"Sikujua," nikasema.

Mutu wa samaki alikaa na parcelle za watu miezi miwili bila kuzigusa. Mimi niliyekula kwa parcelle miaka kumi na mbili niliziachia kwa katoni mbili na nusu, na bado nilikuwa naendelea kusema uongo, asubuhi ile, kwa mutu ambaye hata hakuwa na sababu ya kunishitaki.

Na sikukomea hapo. Nilipofika bureau, Olive alikuwa nje, anatafuta reseau pembeni ya barabara, simu juu. Niliingia nyuma, nikavuta tiroir, nikapenyeza disque kwenye uwazi wa nyuma, pale karatasi zinapoanguka. Alipoingia nikamuambia kwa sauti ya mutu mwema:

"Mama Olive, meza hizi za Goma zinaangusha vitu nyuma. Tiroir uliitoa nzima?"

Aliitoa nzima, akaiweka chini. Akapiga magoti, tochi mudomoni, kama siku ile ya cyber. Akatoa disque. Akaitoa katika mufuko wa plastiki, ambao mimi katika haraka nilikuwa nimeuacha. Akaisogeza puani.

Ilikuwa inanuka samaki ya moshi. Bureau nzima ilianza kunuka samaki ya moshi.

Aliichomeka. Kwenye kioo zikapanda filme arobaini na tatu, na mechi, moja moja, na majina yake. Chini kabisa, dosiye yetu.

"Iko," akasema. "Naanza."

Yule mutunza-ghala wa zamani alikuwa ndani, muzima, kama alivyomuweka. Alimutoa mupya, akamurudisha wa zamani mahali pake, akaandika saa na dakika ya kila hatua. Saa nane kioo kikajaa mistari, ikapita mbio. Wa zamani alikuwa ametambua rafu zake. Hakuna pembe moja iliyokosa, hata kazi ya mwezi wa kwanza na wa pili. Copie yenyewe aliitumia kulinganisha tu. Kisha akanakili vyote upya, kabla ya kugusa kitu kingine, na hakuniuliza siku ngapi. Saa kumi karatasi ya Nyiramahirwe ikatoka: kona nne, jina, tarehe ya 2018.

Bagalwa alichungulia. "Muzee ameamuka?"

Olive hakumujibu. Bagalwa akaondoka akijikuna shingo.

Aliingia kwangu na vitu vitatu, akavipanga juu ya meza: karatasi ya Nyiramahirwe, clé ya tiroir, na kaye imefunguliwa. Katika kaye kulikuwa mustari mupya. Kitu: disque ya copie. Imerudi: jeudi, ikiwa na filme 43. Nani ameitoa: nafasi tupu. Siku gani: nafasi tupu. Saini: tupu.

"Clé ya nini, Mama Olive?"

"Ya mutu atakuja nyuma yangu. Mimi siwezi kubaki pahali wanasema niliiba."

"Nani anasema?"

"Hakuna anasema ku uso. Njo ubaya wake."

Nikaanza kazi ninayoijua. Nikamupa samedi zake zote ziwe za kupumzika. Nikamupa cheo cha chef de service. Nikamuahidi musaidizi. Kila nilipoongeza kitu alingoja nimalize, kama mutu anayengoja lori lipite ndipo avuke.

"Patron, mimi siuzi kitu. Kuna nafasi moja haijaandikwa. Ijaze, ao uiache vile."

"Ulijua tangu lini?"

"Mardi. Ulipouliza clé iko kwa nani, ile yako ilikuwa inalia mu mufuko."

Nilikuwa bado nayo mufukoni. Nilitoa mukono.

"Mbona hukusema?"

"Nikuite mwizi mu bureau yako, mbele ya mama wa watu? Nilingoja useme mwenyewe. Nikakungojea siku tatu." Akavuta kaye karibu yangu. "Nilikuombaka tatu, ukanipa moja. Mimi nilikupa zote tatu."

Nimeshaandika mikataba mingi. Nimeshatia saini vitu nisivyovisoma, na vingine nilivyovisoma na kujua ni vya kumuumiza mutu. Hakuna kilichonichukua muda kama herufi zile. Habumugisha. Mwezi wa kumi na mbili. Saini. Nikaongeza pembeni, bila kuombwa: kwa samaki.

Alisoma. Clé hakuichukua.

"Hii ni ya kaye," akasema. "Mardi ulisema na mudomo."

Vendredi, Ijumaa, tulikuwa juu ya lava, jua linarudi usoni kutoka chini. Chef de quartier alikuja na parapluie juu ya kichwa, Twagirimana na wanawe wawili, Nyiramahirwe na mukoba wake, majeometa na chombo. Olive alikuja kwa sababu yeye ndiye aliyebeba karatasi. Bagalwa alipima kutoka jiwe la barabara, akapiga rangi nyeupe kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikaanguka ndani ya ukuta wa Twagirimana, mita moja na nusu ndani. Twagirimana alibisha, wakapima upya, rangi ikaanguka palepale. Chef akamuambia atoe mawe yake kabla ya dimanche.

Watu walianza kujikusanya kuondoka. Olive alikuwa anakunja karatasi taratibu sana. Nikajua akimaliza kuikunja ataelekea barabarani, na hatarudi Keshero.

"Mama Nyiramahirwe," nikasema. "Ile disque, mardi. Niliitoa mimi."

"Weye?"

"Mimi. Niliibadilisha na samaki. Huyu mama hakugusa kitu. Nilijua wakati unamutukana, na nikanyamaza."

Bagalwa alikuwa anaangalia kifuniko cha chombo kana kwamba amekiona leo. Aliyecheka wa kwanza ni Twagirimana, mutu aliyetoka kupoteza mita moja na nusu.

"Samaki gani?" akauliza.

"Tilapia. Ya Vitshumbi."

"Angalau zilikuwa na mafuta?"

Chef alikohoa ndani ya mukono. Nyiramahirwe yeye hakucheka. Alimugeukia Olive.

"Mama, nilifunga mercredi na jeudi, siku mbili bila kula, namuomba Mungu akupige. Sasa ile maombi nitaipeleka wapi?"

"Sijui, mama."

"Nitaigeuzia uyu." Akanionyesha kwa kidevu.

"Umupunguzie kidogo," Olive akasema. "Amesaini."

Akachukua karatasi, akamukabidhi Nyiramahirwe, akamuonyesha pa kutia saini kwamba ameipokea. Kisha akashuka nasi kwenye gari. Tulipofika bureau aliingia kwangu, akachukua clé yake iliyokuwa bado juu ya meza, akanyoosha mukono mwingine. Nikamupa na ile yangu.

Tangu siku ile nikitaka mukasi naomba. Muzee alikuja kubadilishwa mwezi wa tano, kwa siku tatu, bureau imefungwa, nami nilikaa nyumbani nikiangalia ukuta. Ilifaulu mara ya kwanza. Bagalwa alimuomba Olive msamaha kwa chupa ya Fanta, akaipokea. Wananiita Patron Samaki nikishapita. Nasikia, napita.

Mwaka huu kwa Bonne année niligawa tena, za Kambale zilezile. Kila mutu nne, Olive sita. Alisema aksanti. Jioni nilipoingia kuchukua koti langu, nilizikuta juu ya meza yangu, zimefungwa katika gazeti, zote sita, na kando yake kaye imefunguliwa. Samaki sita, zimerudi kwa patron. Nafasi ya saini ilikuwa tupu.

Nikasaini.